Nati Zenye Rangi Nyekundu

Choma,
11 Februari 1975

Kwa Mjomba Twalibu, Cheyo, Tabora.

Shikamoo Mjomba. Huku sisi tu wazima wa mwili, ila tumbo linalalamika. Unga wa yanga, haya mahindi ya njano ya msaada, ndio asubuhi na ndio jioni, na watoto wameanza kuulilia ugali mweupe kama wanavyolilia peremende. Msalimie sana mama yangu, mwambie dada yako Batuli kwamba koti alilonitumia limenienea, mabega yamebana kidogo tu. Mpe shikamoo yangu na mkeo, Mama Mwanajuma.

Mwanao Sikuzani hajambo. Nilipita kwao Jumatano. Yeye na Yahaya mumewe wameshahamia kijiji kipya, nyumba yao ni ya tatu kutoka barabarani, na paa halijaisha. Alianza kunitania kabla sijashuka, akasema mabinamu wengine huja na zawadi, mimi huja na vumbi. Kisha akaniambia nikuandikie, kwa kuwa yeye anaona haya: ana mimba ya miezi minne.

Unazikumbuka zile mbili zilizotangulia, sina haja ya kuzisema. Mkunga wetu hapa zahanati, Bernadeta, amemwambia waziwazi kwamba safari hii asizalie kijijini. Siku zikikaribia apelekwe hospitali, Nzega. Gari la kumpeleka ni moja tu, hili la zahanati ninaloliendesha mimi, na ndilo linaloninyima raha.

Ni pikapu ya msaada kutoka Marekani, usukani uko kushoto kama magari ya Burundi. Kwa macho ni jipya kabisa. Likiwa kwenye mwendo halina neno, lakini nikipunguza tu linatetemeka kama mtu mwenye homa, halafu linazimika. Nikisimama lazima mguu ubaki kwenye mafuta. Plagi nimesafisha, kabureta nimeifungua na kuipuliza kama ulivyonifundisha. Kuna kidude kimoja sijawahi kukiona tangu nianze kushika spana. Ni kikofia cha chuma kilichokaa juu ya manifoldi, pale hewa inapoingilia kwenye injini, kina kibomba chembamba cha mpira, na chini yake kuna njia inayotoka upande wa ekzosi. Nimefuatilia kwa kidole mara tatu. Mjomba, moshi wa ekzosi badala ya kwenda nje wote, mwingine unarudishwa ndani ya injini. Sijui kama nimeona sawasawa.

Niambie nifanye nini.

Mpwa wako,
Shaban


Cheyo, Tabora,
27 Februari 1975

Mwanangu Shaban,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na habari za Sikuzani nimezipokea kwa moyo mmoja. Mama yake amekwisha anza kushona vinguo, nimemkataza, naye hanisikii. Mama yako hajambo, anasema mabega yanayobana koti ni dalili ya kula vizuri, kwa hiyo acha kulalamikia yanga. Mimi mgongo unanisumbua nikilala chini ya magari, na siku hizi nalala chini ya magari zaidi ya kitandani, maana vipuri hakuna na kila mtu anataka chakavu lake lifufuke.

Sasa hilo gari lako. Injini ni kama kiumbe, inakula na inatoa. Umewahi kuona kiumbe kinachokula choo chake? Hicho kidude ama kimewekwa na mtu aliyekuwa na chuma cha ziada, ama wewe umepofuka. Usikiguse. Maulidi yakifika omba ruhusa ulilete hapa nilione.

Na usikubali fundi mwingine alifungue njiani. Unajua sharti la nyumba hii. Babu yangu alikaa Kwihara akitengeneza magobori ya watu wa misafara, na bunduki aliyoifunga yeye haikufunguliwa na mwanafunzi wake yeyote mpaka aseme mwenyewe. Baba yangu aliifuata sheria hiyo kwenye cherehani na baiskeli, na mimi naifuata kwenye magari. Ndiyo maana watu wanatoka Urambo na Sikonge kunitafuta mimi.

Mwambie Sikuzani baba yake anamsalimu na asibebe ndoo.

Mjomba wako,
Twalibu


Choma,
14 Aprili 1975

Mjomba,

Shikamoo. Nilifika salama tangu usiku wa pili wa Maulidi, ila kazi zimenizuia kuandika. Mvua zimetuhurumia kidogo, mtama wa Yahaya umesimama. Sikuzani ananenepa na ulimi wake umekuwa mrefu zaidi. Amesema mtoto akipiga teke humwona babu yake anavyompiga teke ng'ombe wa jirani pale Cheyo.

Gari ni zima. Tangu ulipokikata kile kipande cha bati kutoka kwenye kopo la samli, ukakilaza chini ya kikofia kuziba ile njia ya moshi, halijazimika hata mara moja. Nikisimama linanguruma taratibu kama paka. Bernadeta aliniuliza ulikuwa na mashine gani, nikamwambia ulikuwa na mkasi. Nati mbili ulizozipaka rangi nyekundu kila mtu anaziona akifungua boneti, nami nawaambia hiyo ni alama ya mjomba wangu na hakuna mwenye ruhusa ya kuzigusa.

Kuna kitu kidogo tu. Nikiwa na mzigo na kupanda kilima, injini inagonga, mlio kama misumari kwenye kopo. Na sindano ya kipimo cha joto inapanda kuliko zamani. Labda ni petroli.

Shaban


Cheyo,
2 Mei 1975

Mwanangu,

Marahaba. Ni petroli. Siku hizi wanachanganya na sijui nini. Rudisha moto wa plagi nyuma kidogo, usipande kilima kwa gia kubwa, na usiwe na masikio ya mwanamwali, kila mlio unaruka.

Kwetu wote wazima. Nyumba ya jirani paa limeanguka, hakuna aliyeumia. Mama yako alikuwa na kikohozi, kimekwisha.

Twalibu


Choma,
19 Mei 1975

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo kwa mama zangu wote wawili. Huku ni wazima. Yahaya amemaliza paa. Sikuzani sasa ana miezi saba na anatamani udongo. Si udongo wa hapa, huu anasema una ladha ya ng'ombe. Anataka ule wa kichuguu cha Itetemia mliokuwa mkimnunulia alipokuwa binti. Ukipata mtu anayekuja huku, tafadhali.

Mjomba, nimeianza barua hii mara tatu. Nisamehe nikikosea pa kuweka maneno.

Mlio umezidi. Nimerudisha moto kama ulivyosema, umepungua siku mbili, ukarudi. Gari lilikuja na kitabu cha Kiingereza ambacho kilikuwa kimekaa tu juu ya kabati la dawa. Bernadeta alikichukua akakisoma, akanifasiria kurasa mbili. Kitabu kinasema kile kikofia ni valvu, na kazi yake ni hiyohiyo niliyoiona, kurudisha moshi kidogo ndani ya injini. Moshi ule hauchomeki tena, kwa hiyo unaupoza moto wa ndani usiwe mkali kupita kiasi. Masizi yakijaa, valvu inakwama ikiwa wazi, moshi unaingia hata pasipotakiwa, na ndipo gari linapozimika. Dawa yake ni kuifungua, kukwangua masizi na kuirudisha. Kitabu kinasema ikizibwa, injini inaweza kugonga na kuchemka, na ikiachwa hivyo pistoni inaweza kutoboka.

Mimi sisemi kwamba kitabu kinakijua chuma kuliko wewe. Nasema tu kwamba kazi yenyewe ni ya saa moja, brashi ya waya ninayo. Lakini nati zina rangi yako, na mimi sijawahi kufungua kazi ya mkono wako bila wewe kusema. Naomba ruhusa. Neno moja tu linatosha.

Siku za Sikuzani ni mwanzoni mwa Agosti. Bernadeta anataka tumpeleke Nzega katikati ya Julai akangojee hukohuko.

Mpwa wako,
Shaban


Cheyo,
16 Juni 1975

Mwanangu Shaban,

Salamu nyingi. Tangu ile ya Aprili sijaona barua yako, nadhani kazi zimekubana. Hapa tu wazima. Kuna baridi ya asubuhi, mama yako hatoki mpaka jua lipande. Mwembe wa nyuma nimeukata, mizizi ilikuwa inaingia kisimani. Mke wangu Mwanajuma amenuna siku tatu, sasa yamekwisha.

Nimempa dereva wa lori la pamba kifurushi, ni udongo wa kichuguu wa Itetemia. Mpe Sikuzani. Nilifikiri tu kwamba wakati huu atakuwa anautamani. Nimeuchimba mwenyewe, nimeukausha juani siku nne, hauna mchanga.

Gari litunze.

Twalibu


Choma,
2 Julai 1975

Mjomba,

Shikamoo. Udongo umefika. Sikuzani aliushika mkononi kwanza, akaunusa, akaniambia nisimtazame anapokula. Anakushukuru sana. Miguu imemvimba kidogo lakini anacheka. Tumepanga kwenda Nzega Jumatatu ya tarehe 21.

Lile jambo jingine naendelea kulingoja. Nati hazijaguswa.

Shaban


Choma,
20 Julai 1975
Kwa mkono wa dereva wa lori

Mjomba,

Shikamoo. Sikuzani hali yake si nzuri. Tafadhali njoo na Mama Mwanajuma na mama yangu, mpande gari la kwanza mtakalolipata. Msingoje kufunga mizigo.

Shaban


Choma,
31 Agosti 1975

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama baada ya arobaini, na kwamba mtoto hakusumbuliwa na safari. Bernadeta anauliza kama maziwa ya kopo anayakubali. Anasema maji yachemshwe mpaka yatoe mapovu, yaachwe yapoe yenyewe, na chupa ioshwe kwa chumvi. Yahaya anaulizia binti yake kila anapopita mtu kutoka Tabora.

Ulikaa hapa siku tatu za matanga, ukarudi tena kwa arobaini, na hukuniuliza habari za siku ile. Mimi nami sikusema. Watu wanaona ni kwa sababu ya uchungu. Sasa nakuandikia, kwa sababu ana kwa ana sitaweza.

Uchungu ulimshika Jumamosi, siku mbili kabla ya safari. Tuliondoka saa mbili asubuhi, mimi na yeye mbele, Yahaya na Bernadeta nyuma na godoro. Baadaye Bernadeta akasema alale, tukambadilisha, tukamweka nyuma. Gari lilikuwa linagonga tangu kijijini. Niliendesha polepole kama ulivyosema, gia ndogo, lakini Bernadeta alikuwa anagonga kioo kwa kiganja, niongeze mwendo. Nikaongeza. Hatujafika nusu ya njia, kwenye kile kimwinuko baada ya mbuga nyeusi, pakalia kitu kama mtu aliyepiga debe kwa nyundo. Nguvu zikaisha, moshi wa buluu ukatoka kwenye kifuniko cha oili. Nilijua kabla sijashuka. Pistoni ilikuwa imetoboka.

Ilikuwa saa nne. Yahaya alikimbia kutafuta mkokoteni wa ng'ombe. Mtoto alizaliwa saa sita, kivulini mwa gari, akalia vizuri. Damu ndiyo haikukatika. Bernadeta alifanya yote ambayo mikono miwili inaweza kufanya. Sikuzani aliniuliza kama gari limepoa. Nikamwambia bado kidogo. Akasema nisilitukane, ni kazi ya baba yake hiyo. Lori la pamba lilikuja saa kumi, naye alikuwa amekwisha tutoka saa nzima.

Kamati ya kijiji iliniita. Injini ilifunguliwa mbele yao, isipokuwa nati zako mbili, wakauona ukingo wa bati chini ya kikofia. Waliuliza kwa nini niliacha kitu ambacho kitabu kimekataza. Niliwaambia kwamba mwezi wa Mei nilikuandikia kuomba ruhusa ya kulitoa, na kwamba barua ile ilipotea njiani, haikukufikia. Wote wakatikisa vichwa, wakailaani posta. Nimesimamishwa kazi mpaka wilaya iseme, lakini hawanichukii.

Yahaya peke yake aliniuliza swali jingine, tulipokuwa tunarudi nyumbani. Aliniuliza kwa nini sikufungua tu. Nati mbili, akasema. Jibu nililokuwa nalo, mtu asiye wa nyumba yetu hawezi kulielewa. Hata mimi siku hizi silielewi.

Kwa hiyo ndivyo nilivyosema, Mjomba, kwamba ilipotea. Mtu akikuuliza, huna haja ya kusema zaidi ya hapo.

Mpwa wako,
Shaban


Cheyo, Tabora,
14 Septemba 1975

Mwanangu Shaban,

Marahaba. Mtoto hajambo. Maziwa ya kopo anayakubali, usiku anaamka mara mbili, Mwanajuma anaamka naye, na mimi naamka nikisikia wanaamka. Ana vidole virefu. Mama yako anasema ni vidole vya fundi, nikamwomba asiseme hivyo tena. Tumefunga mfungo wa wiki moja sasa. Hamu ya kufuturu sina, nafungua kwa maji na tende moja kwa sababu ni lazima.

Barua yako imekaa chini ya mkeka wa kuswalia siku tano. Umeniwekea mlango wazi nipite, nami nimeutazama mlango huo siku zote tano. Sitapita.

Barua yako ya Mei haikupotea. Ilinifikia Jumatano, tarehe 28, mchana, nikiwa chini ya lori la mtu. Niliisoma nikiwa nimelala hapohapo chini. Nikaisoma tena jioni. Na wewe ulijua kwamba ilinifikia. Udongo Sikuzani aliuomba kwenye barua hiyo na si kwenye nyingine yoyote. Mtu mwenye akili yako hawezi kuwa hakuona. Uliona, ukanyamaza, ukanijibu kwamba nati hazijaguswa.

Nikueleze kilichotokea, kwa kuwa hukuniuliza. Ile valvu sikuijua. Siku ya Maulidi ulipofungua boneti sikujua ni kitu gani, nikaona haya kusema mbele yako na mbele ya watu waliokuwa wamesimama karakana, maana kwa miaka thelathini sijawahi kutamka maneno hayo. Nikakata bati. Gari likatulia, watu wakapiga makofi, nami nikapaka rangi. Rangi ile naipaka kwenye kazi ninayoijua. Pale niliipaka ili usifungue ukaona kwamba sikujua.

Barua yako ilipokuja niliandika jibu siku hiyohiyo. Neno moja, kama ulivyoomba: Fungua. Halafu nikamfikiria yule mkunga akikusomea kitabu, na wewe ukimwambia mjomba amekubali kitabu kiko sawa. Nikalichana. Siku ya pili nikafikiri nikuandikie usifungue, mkono ukakataa, kwa kuwa moyoni nilijua kitabu kinasema kweli. Basi nikachukua jembe nikaenda Itetemia kumchimbia mwanangu udongo. Nilikaa pale kichuguuni nikichagua mabonge yasiyo na mchanga, nikajiona baba mwema. Siku nne nikaugeuza juani. Kwa siku nne hizo barua ingekuwa iko njiani kuja kwako.

Nimemuua mwanangu kwa kuona haya. Nimekwisha mwambia mama yake. Ananipa chakula, anafua nguo zangu, kisha anarudi kwa mtoto.

Wewe nawe una sehemu yako, na sitakudanganya kwamba huna. Yahaya ameuliza vizuri. Lakini sehemu hiyo ni mimi niliyekufundisha, nikiwa na spana mkononi, tangu ukiwa na miaka kumi na miwili, na mimi nilifundishwa na baba, naye na baba yake wa Kwihara. Bunduki iliyofungwa vibaya nayo nadhani ilibaki imefungwa, na nani anajua ilimlipukia mpagazi gani njiani kuelekea Ujiji. Hatukusimuliwa hiyo.

Sasa ninalokuagiza ni hili. Barua hii msomee Yahaya yote, usiruke mahali. Kisha isome mbele ya kamati. Waambie bati nililikata mimi, na ruhusa niliizuia mimi, na posta haina kosa. Yahaya akitaka kuja kumchukua binti yake, aje, hatutafunga mlango. Akitaka kunishtaki, aje pia, nipo hapa karakana, ingawa sishiki kazi.

Kopo la rangi nyekundu nimelifukia nyuma ya nyumba. Najua gari lile ni chuma kitupu sasa, limesimama pale zahanati na kuku wanataga ndani yake. Hata hivyo nenda na spana namba kumi na tatu. Bati litoe, usilitupe, lifunge kwenye karatasi umpe dereva wa lori aniletee, nataka kulishika.

Ruhusa uliyoniomba tarehe 19 Mei nakupa leo. Fungua.

Mjomba wako,
Twalibu